Kwa nini vijana wetu hulimbikiza sarafu za mchezoni?

Wazazi wengi hushangaa wanapochungulia simu ya kijana na kumkuta ana maelfu ya vito au sarafu za mchezoni ambazo hazitumii. Mzazi hujiuliza: ikiwa huu ni mchezo tu, ya nini kujinyima? Tumeona ni vyema tulifafanue jambo hili, kwani asiyelifahamu aghalabu hukemea pasipostahili kukemewa, na hunyamaza pale anapopaswa kusema.

Hesabu ya msubirifu

Tuchukue mfano wa Genshin Impact, mchezo uliotolewa Septemba 2020 na kampuni ya miHoYo ya Shanghai, China. Kuucheza ni bure, lakini wahusika wake wanaotamaniwa zaidi hupatikana kwa kubahatisha. Kila jaribio hugharimu vito 160, viitwavyo Primogem, na uwezekano wa kupata mhusika wa nyota tano kwa jaribio moja ni asilimia 0.6 tu. Mchezo humhakikishia mchezaji mhusika wa daraja hilo ndani ya majaribio 90. Hata hivyo, anayetokea huenda asiwe yule aliyekusudiwa. Akimkosa mara ya kwanza, humpata kwa yakini mara ya pili. Kwa hiyo, anayetaka kuondoa shaka kabisa huhitaji akiba ya majaribio 180, yaani vito 28,800.

Kazi za kila siku mchezoni humpa vito 60. Kwa njia hiyo peke yake angesubiri siku 480! Zipo njia nyingine zinazofupisha safari, lakini bado ni safari ya miezi. Isitoshe, mhusika hutolewa kwa takriban wiki tatu, kisha huondolewa, na kurejea kwake hakujulikani ni lini. Kijana anayelimbikiza, basi, si mpumbavu wala bahili. Amepiga hesabu, naye anajikinga na majuto ya kufikiwa na fursa akiwa mikono mitupu.

Ipo pia sababu ya pili, nayo huonekana hata katika michezo isiyo na kubahatisha. Wachezaji hutunza dawa na silaha adimu wakisema, "Huenda kesho nikazihitaji zaidi," hata mchezo ukaisha bila kuzigusa. Kinachotoka hakirudi, na uchungu wa kupoteza humwelemea mwanadamu kuliko raha ya kupata.

Pale penye hatari

Ama hatari, haipo katika kuweka akiba, bali katika mlango ulio pembeni yake. Aliyechoka kusubiri huuziwa njia ya mkato. Pesa halisi hununua fuwele, fuwele hubadilishwa kuwa vito, na vito hununua jaribio. Kwa tabaka hizo tatu, mtoto husahau kuwa alianza na pesa ya mzazi. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kuwa masanduku ya bahati yanayouzwa michezoni ni kamari kwa sheria zake. Januari 2025, wasambazaji wa Genshin Impact nchini Marekani walikubali kulipa dola milioni 20, na kutowauzia walio chini ya miaka 16 masanduku hayo bila idhini ya wazazi.

Jambo jingine: wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii huoza. Kwa masharti ya michezo mingi, sarafu hizo si mali ya mchezaji. Amepewa ruhusa ya kuzitumia tu. Siku kampuni ikizima mitambo yake, akiba yote hutoweka.

Tufanye nini?

Tusimlazimishe mtoto kutumia alichokusanya, wala tusimkejeli. Tumuulize anamwekea nani akiba na amebakiza kiasi gani. Atatueleza kwa furaha, na hapo mazungumzo yamefunguka. Kisha tukokotoe naye njia ya mkato kwa shilingi, tabaka kwa tabaka, mpaka aione bei kamili. Neno la siri la malipo libaki kwa mzazi.

Mwisho, tumnunulie kibubu. Aliyeweza kusubiri miezi kwa ajili ya mhusika wa kuchorwa ana subira ya kutosha kusubiri baiskeli au ada ya masomo ya kompyuta. Subira anayo tayari. Kazi yetu ni kumwonyesha akiba isiyozimwa na mtu mwingine.