Pambo la Choo na Tahara ya Nyumba



Ramadhani inapoelekea ukingoni, nyumba zetu za pwani huingia katika pirikapirika. Mapazia hufuliwa, kuta hupakwa rangi, mito huvishwa foronya mpya, na siku hizi hata choo hakiachwi nyuma. Madukani zimejaa seti za kukipambia: kitambaa cha kuvisha kifuniko, kingine cha kuvisha duara la kukalia, zulia dogo lililokatwa ili likumbatie sinki kwa chini, na pengine kivazi cha tangi la maji. Huwa na manyoya laini na maua ya kushonwa. Nasi, kama wengine, tulinunua. Tulichagua rangi ya damu ya mzee, kwa kuwa tuliambiwa haionyeshi uchafu upesi.

Idi hiyo tulijaaliwa kumpokea bibi yetu kutoka Lamu. Siku ya pili tuliona jambo. Kila alipotoka chooni wakati wa swala, bibi alipita moja kwa moja hadi uani, akajimwagia maji miguuni kwa ndoo, kisha ndipo akatawadha. Mifereji ilikuwa mikavu wiki ile, na maji tulikuwa tukiyanunua kwa madumu ya lita 20 yaletwayo kwa mkokoteni. Hatukumwuliza kwa kuona haya. Siku ya tatu binti yetu mdogo ndiye aliyemwuliza. Bibi akacheka, kisha akatuita sote.

“Wanangu,” akasema, “choo chenu kimependeza kuliko ukumbi wangu. Lakini kila nikitoka humo sijui miguu yangu ina nini, nami siwezi kusimama mbele ya Mola wangu na shaka hiyo.”

Tulilipindua lile zulia. Mpira wa chini yake ulikuwa umelowa, sakafu imegeuka manjano, na harufu haikuhitaji maelezo. Tulipovua kivazi cha duara la kukalia, tulikuta upande wa ndani una madoa ambayo rangi ile nzito ilikuwa imetuficha. Siku zote hizo tulidhani tuna choo safi kwa sababu tulikuwa na choo kizuri. Ndilo jambo tunalopenda kulizungumza nanyi leo: kifuniko na pambo vina kazi yake, lakini kazi hiyo si kusafisha, na pambo linaloficha uchafu huwa ni adui wa tahara.

Walivyofanya wazee wetu

Haja ya kukistiri choo si ngeni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na choo ndani yake, na karibu yake birika la maji lililopigwa chokaa. Ndani ya birika waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini yake wakajengea bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Maji yalitekwa kwa kata ya kifuu. Mlangoni palikuwa na mitalawanda, viatu vya mti vya kuingilia msalani, ili mguu usikanyage sakafu ya humo na kisha ukakanyaga mkeka.

Tukiangalia vizuri, kila kitu katika choo hicho kilikuwa kigumu, cha kuoshwa kwa maji na kukauka. Chokaa, mti, kifuu na kauri havinyonyi na kuweka kama unavyofanya manyoya ya zulia. Pambo lilikuwepo, lakini lilikaa mahali ambapo maji hayakulizuia kazi.

Vivazi vya kitambaa tunavyovinunua leo huwafaa zaidi watu wa nchi za baridi, ambako kukalia duara lililoganda asubuhi ni adhabu, na ambako wengi hujifuta kwa karatasi. Sisi tunaishi katika joto na unyevu wa bahari, na tunajisafisha kwa maji. Kopo au mpira wa maji hurusha matone juu ya duara na chini sakafuni kila mara. Kitambaa kilichokusudiwa kukaa kikavu, kwetu hakikauki.

Kila kipande na hukumu yake

Kivazi cha kifuniko ndicho chepesi zaidi katika seti. Kiko upande wa juu, hakikaliwi, na kikifuliwa kila wiki hakina tatizo kubwa. Ila kisiwe kinene hata kikakifanya kifuniko kisisimame wima, kwani kifuniko kinachoanguka huumiza watoto wa kiume na huwafanya wamwage mkojo ovyo. Tuepuke pia kitambaa chenye maandishi ya Kiarabu au mchoro wa msikiti. Msalani si mahali pake.

Kivazi cha tangi hakina madhara mengi, madhali hakifiki penye kitufe cha kuvutia maji, ambapo hushikwa na mikono isiyooshwa bado.

Kivazi cha duara la kukalia ndicho chenye hatari. Hugusana na mwili, hupokea matone ya mkojo na ya maji ya kuchambia, na kisha huyashikilia. Anayekuja baadaye hukaa juu yake, na nguo au mwili wake ukiwa na majimaji, najisi huhamia kwake. Ushauri wetu ni kukiacha kabisa. Ikiwa kuna mzee au mgonjwa anayeumizwa na ugumu wa duara, yapo maduara laini ya sponji yaliyofunikwa plastiki isiyopitisha maji, nayo hupanguswa na kuoshwa papo hapo. Plastiki hiyo ikipasuka, duara libadilishwe, kwani sponji hunyonya kuliko kitambaa.

Zulia la kukumbatia sinki nalo tuliache. Mahali pale ndipo matone yanapodondokea zaidi, hasa nyumba yenye watoto wanaojifunza. Anayetaka zulia aliweke nje ya mlango, mbali na matone, na ndani paachwe sakafu tupu na ndara za mpira.

Waliyoyaona watafiti

Huenda mtu akasema: mimi hufunga kifuniko kabla ya kuvuta maji, basi nimesalimika. Mwaka 1975 Charles Gerba na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa maji yanapovutwa, matone madogo yenye vijidudu huruka na kutua sehemu mbalimbali za chumba, na kwamba vijidudu vingine hubaki vimeshikamana na sinki hata maji yakivutwa mara kadhaa. Mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walimulika kwa mwanga wa leza ya kijani choo kisicho na kifuniko, wakaona matone yakipanda hadi mita 1.5 katika muda wa sekunde 8.

Mwaka 2024 Gerba na wenzake walirudi tena kwenye jambo hili, wakapima virusi katika vyoo ambavyo maji yalivutwa kifuniko kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Hawakuona tofauti ya maana katika virusi vilivyotua chumbani. Kilichopunguza sana ni kulisugua sinki kwa brashi na dawa ya kuua vijidudu.

Hatusemi kifuniko kiachwe wazi. Kifungeni, kwani huzuia matone makubwa, nzi, harufu, na mtoto mdogo kuchezea maji. Ila mjue kuwa mkono wenye brashi ndio unaosafisha.

Namna ya kutoharisha kilichonajisika

Wengi wa watu wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na ndani yake kuna jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa chuoni kisha tukalisahau kwenye beseni. Maji yasiyofika kulla mbili, nazo ni takriban lita 200, hunajisika yanapoingiwa na najisi, hata yasipobadilika. Kwa hivyo kukitosa kitambaa chenye mkojo katika beseni la maji machache ni kulinajisi beseni zima na nguo zilizomo. Njia ni kuyafanya maji yaijie najisi: kitambaa kiwekwe juu ya jiwe au kitu chenye matundu, kimiminiwe maji yakipita na kwenda zake, mpaka rangi na harufu ya najisi iondoke. Baada ya hapo ndipo kitiwe sabuni na kufuliwa pamoja na vingine, kwa beseni au kwa mashine. Ikiwa najisi imekauka na haina tena rangi wala harufu, maji yapitishwe juu ya mahali pake mara moja.

Wenye kisima cha maji ya chumvi nao wasione tabu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kuhusu maji ya bahari alieleza kuwa ni yenye kutoharisha. Maji ya kisima yanafaa kuoshea choo, na yale matamu yanayonunuliwa yakawekwa kwa kupikia na kunywa. Chumvi huacha ukoko sinkini, basi lisuguliwe mara kwa mara kabla haujawa mgumu.

Na hapa pana onyo ambalo ni la uhai. Dawa ya klorini ya kung’arishia nguo isichanganywe kamwe na dawa ya asidi ya kuondolea ukoko, wala na siki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma koo na mapafu, na vyoo vyetu vingi ni vidogo na dirisha lake ni tundu tu. Itumike dawa moja, dirisha na mlango vikiwa wazi, kisha ioshwe kwa maji mengi kabla ya kuwaza ya pili.

Tahara bila wasiwasi

Tunaogopa pia tusije tukawatia wasomaji wetu katika mlango wa pili, ambao ni wasiwasi. Wako ndugu zetu wanaoosha miguu mara kumi na bado wanarudi. Dini yetu haikutaka hivyo. Asili ya vitu ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka. Kikavu kinapogusa kikavu, najisi haihami. Wanazuoni wa madhehebu yetu wametaja pia kusamehewa kwa najisi ndogo mno isiyoonekana na jicho la kawaida, kwa hivyo habari za leza ya kijani zitusukume tusugue sinki, zisitufanye tuzitilie shaka swala zetu. Mwenye tatizo mahususi amwendee sheikh wake.

Lakini kati ya wasiwasi na upuuzaji ipo njia. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye makaburi mawili, akaeleza kuwa mmoja wa waliomo anaadhibiwa kwa kutojikinga na mkojo. Na katika Sura ya At-Tawba, aya ya 108, Mwenyezi Mungu anawasifu watu wanaopenda kujitoharisha. Kazi hii basi si ya kumwachia mama peke yake, wala binti wa kazi peke yake. Baba na wavulana wakikaa wakati wa haja ndogo, nusu ya kazi imepungua. Kila atokaye alimwagie duara maji na kulipangusa, ili ajaye akute mahali pa kukaa kwa amani.

Tulivyofanya sisi

Jioni ile tulivua seti yote. Zulia na kivazi cha duara tulivimiminia maji uani mpaka harufu ikaondoka, tukavifua na kuvianika juani. Zulia halikurudi ndani. Kivazi cha duara tulikikata vipande, vikawa vitambaa vya kupangusia baiskeli. Tulibakisha kivazi cha kifuniko, na sasa tunacho kingine cheupe, kwa kuwa cheupe kinasema kweli. Mlangoni ziko jozi mbili za ndara, ukutani brashi inaning’inia ikauke, na kando yake pipa dogo lenye kata. Pambo tulilihamishia dirishani: mkungu wa asumini unaobadilishwa kila Ijumaa.

Bibi alikaa nasi wiki moja zaidi. Asubuhi ya mwisho alitoka msalani, akavua ndara mlangoni, akatawadha kwa kata tatu za maji, akaenda zake kuswali Alfajiri. Ndoo ya uani ilikuwa mahali pake, kavu.

Mola azijaalie nyumba zetu ziwe zenye kupendeza machoni mwa wageni na zenye tahara mbele Yake. Amin.