Wajane: Kanisa la Kwanza Lilifanya Nini?

Baba akifariki hapa kwetu Silibwet, mara nyingi matanga hayajaisha na watu wameanza kuulizana: majani chai yatachumwa na nani, na bonasi itaenda kwa nani? Mama mwenyewe haulizwi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1997 wataalamu Carolyn Osiek na David Balch walitoa kitabu juu ya familia za wakati wa Agano Jipya. Walisoma Maandiko pamoja na magofu ya nyumba za kale, kama zile za Pompeii. Siku hizo "nyumba" haikuwa baba, mama na watoto tu. Watumwa pia walihesabiwa. Wasichana waliozwa mapema kwa wanaume waliowazidi miaka mingi. Basi wajane walikuwa wengi.

Je, kanisa lilifanya nini? Katika Matendo 6 wajane wengine walisahauliwa wakati wa kugawa chakula, wakachaguliwa watu saba kusimamia kazi hiyo. 1 Timotheo 5 inaagiza jamaa watunze wajane wao kwanza, kanisa lisaidie wale wasio na mtu. Kufikia mwaka 251 hivi, kanisa la Roma lilikuwa likitunza wajane na maskini zaidi ya 1,500.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Padre Michael Kirwen alichunguza wajane wa Tanzania na kutoa kitabu mwaka 1979. Alieleza kwamba mila ya ndugu kumchukua mjane ilikusudiwa kuendeleza nyumba ya marehemu, wala haikuwa ndoa mpya. Lakini leo kuna ukimwi, tena kuna shemeji anayetaka shamba kuliko kumtunza mama. Mila bila utunzaji imebaki ganda tu.

Sheria ya Urithi ya Kenya, inayotumika tangu 1981, inamlinda mjane. Yeye ndiye wa kwanza kufikiriwa korti ikitoa idhini ya kusimamia mali. Mtu yeyote akiuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini hiyo, amevunja sheria. Kwa hivyo mama, tafuta mapema cheti cha kifo na barua ya chifu, halafu nenda kortini Bomet. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Nanyi wazee wa kanisa, je, mnawajua wajane wa kanisa lenu kwa majina? Kama hamjui, anzeni kuandika orodha Jumapili hii.