Mkasa wa Nyongo Yangu

Watayarishaji wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba nieleze yaliyonipata, kwa kuwa kila nyumba niingiayo hapa Toongabbie naulizwa lile lile: imekuwaje operesheni ya kulala usiku mmoja ikanisumbua miezi? Basi nieleze mara moja, nipumzike na maswali.

Nilikuwa na mawe katika mfuko wa nyongo, nikaambiwa utatolewa kwa upasuaji wa matundu. Tumbo halipasuliwi; hutobolewa matundu madogo, kamera ikapita katika moja na vyombo katika mengine. Erich Mühe alifanya hivyo Ujerumani mwaka 1985, na leo ndiyo njia ya kawaida. Nikafanyiwa katika hospitali nisiyotaka kuitaja, kesho yake nikarudi nyumbani.

Siku ya tatu tumbo likajaa na bega la kulia likauma. Wifi yangu akasema ni ile hewa waliyonipuliza tumboni. Ni kweli hewa hiyo huumiza bega, lakini maumivu yake hupungua kila siku. Yangu yalizidi, nami nikanyamaza kwa kuwa tulikuwa na wageni. Siku ya tano mjukuu wangu akasema, "Bibi, mbona macho yako manjano?" Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi na choo kimepauka kama udongo. Nikajifunga kanga, nikapelekwa Westmead, stesheni ya tatu tu kutoka kwetu.

Aliyewahi kutengeneza kuku anajua ukipasua nyongo hasara yake. Ndivyo nilivyokuwa ndani. Daktari alinichorea: mrija mkuu utokao kwenye ini ulidhaniwa ni ule mdogo wa mfuko, ukabanwa, ukakatwa. Mfuko ukivutwa juu, mirija hiyo hulala mstari mmoja, na penye uvimbe macho hudanganyika. Tangu 1995 Strasberg na wenzake wamehimiza kwamba kisikatwe kitu mpaka vionekane wazi viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko. Hata hivyo huwapata watu kama 3 katika kila 1,000.

Tundu likiwa dogo, hupitishwa kamera kinywani hadi utumboni, wakaacha kijirija cha plastiki ndani ya mrija hadi pazibe. Wangu ulikatika kabisa. Kwanza waliikausha nyongo iliyomwagika kwa mpira uliotoka ubavuni, wakanipa dawa za kuua vijidudu, halafu tukangoja wiki kadhaa, maana nyama iliyooza haishikani na uzi. Idi ile niliswali kitini, mfuko wa nyongo chini ya baibui. Ndipo bingwa wa ini na nyongo akaupandisha utumbo mwembamba, akaushona kwenye mrija chini ya ini. Ni mshono wa umbo la Y, wenye jina la Roux, daktari wa Uswisi. Kazi hii ni ya mabingwa wake. Aliyejeruhi, kama si mzoefu wa kazi hiyo, asijaribu kuitengeneza mwenyewe.

Nyumbani tuligombana. Binti yangu alitaka tushtaki, mzee wangu alitaka tusamehe. Mimi niliomba kwanza nakala ya ripoti ya operesheni, na mkalimani, ambaye huku hospitali za serikali humtoa bure. Niliposomewa nililia; nilijua sasa nani wa kumsamehe na kwa lipi. Bado sijaamua.

Napimwa damu kila baada ya muda, kwani mshono huweza kubana hata baada ya miaka. Homa ya kutetemeka ikinijia, sili Panadol nikalala. Naenda hospitali usiku huo huo.

Juzi mdogo wangu alipiga simu kutoka Mombasa. Naye ana mawe, amepangiwa tarehe, akauliza kama aahirishe. Nikamwambia asiahirishe, mawe nayo huua. Ila amuulize daktari wake mbele ya mumewe: macho yakigeuka manjano usiku, nimpigie nani?