Maji ya Kileleshwa Yanapofika Mjini

Milimita 50 za mvua zikinyesha Nairobi jioni moja ya Aprili, lau zingekuwa theluji zingelala barabarani kwa kina cha karibu nusu mita. Ndugu zetu walioko Minneapolis, Marekani, wangeamka wakute magari ya kukwangua theluji yameshaisukuma kando ya njia, nayo ingekaa hapo hadi iyeyuke. Sisi hatupewi muda huo. Mvua hufika kalvati saa ile ile inayonyesha, na mtaro ambao haukuzibuliwa Februari hauzibuliki tena usiku ule.

Jiji letu limeinama. Kangemi iko juu ya katikati ya mji kwa zaidi ya mita 100, na maji ya magharibi hushuka kuelekea mashariki. Mto Kirichwa Kubwa hupita kando ya Arboretum kisha kumwagika kwenye Mto Nairobi, ambao hupita Museum Hill na kufika mzunguko wa Globe. Kwa hiyo anayekwama kwenye matatu karibu na Globe anazuiwa na maji yaliyoanguka juu ya paa la mtu wa Kileleshwa, huko magharibi.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ploti ya nusu eka ina kama mita za mraba 2,000, basi mvua ile ya milimita 50 huiletea lita 100,000: malori kumi ya maji, kila moja lita 10,000. Zamani ploti kama hiyo ya Kileleshwa au Lavington ilikuwa na nyumba moja isiyo ya ghorofa, iliyozungukwa na nyasi na miti. Udongo mwekundu wa huko, uliotokana na miamba ya volkano, una matundu mengi na hunywa maji vizuri. Leo mahali pale pamesimama jengo la ghorofa, na uwanja wake umetandazwa kabro hadi ukutani. Malori yale kumi karibu yote yanatoka getini, tena yanatoka pamoja na ya jirani. Hapo ndipo penye hatari. Mvua ni ile ile ya milimita 50, ila maji yanafika bondeni kwa wakati mmoja, kwenye mitaro iliyochimbwa kwa ajili ya mji wa bustani.

Upande wa kusini na mashariki mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa udongo mweusi wa mfinyanzi wa South B na Eneo la Viwanda ukilowa huvimba na kujifunga. Na huko mashariki, mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaumiza sana watu wa Mathare, walio bondeni.

Mtaro nao una tabia yake. Maji yanayokimbia hubeba mchanga. Yakipunguza mwendo, penye kona au pasipo na mteremko, huuangusha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini chupa bado zipo, na moja ikikwama mdomoni mwa kalvati, tope hujijenga nyuma yake. Tazama mtaro unavyosafishwa: kijana anashuka na sepetu, anatoa tope jeusi, analirundika ukingoni. Kazi ni ya jasho na anaifanya vyema. Lakini lori la kulizoa lisipokuja, mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Hiyo ni nusu ya kazi inayolipwa kana kwamba ni nzima, na inaniuma kila msimu.

Kazi nyingine iko juu ya paa. Paa la mita za mraba 200 hukusanya lita 10,000 kutokana na mvua ile ya milimita 50, kiasi cha tangi moja kubwa. Lakini tangi lililojaa jana halizuii kitu leo. Sharti litumike kwa vyoo, kufulia na kumwagilia kabla wingu jingine halijafika. Na majengo hayo hayo, wiki ya mgao, hununua maji ya lori.