Semina ya siku mbili haimnoi mhadhiri

Kila Juni ikikaribia, fungu la mafunzo likiwa halijaguswa, wakuu wa idara huniuliza swali lilelile: ni semina gani ya siku mbili itakayowaongezea wahadhiri wetu ufanisi? Hakuna. Nimejibu hivyo mara nyingi, na bado hoteli inakodiwa, posho inalipwa, vyeti vinagawiwa, kisha Jumatatu mhadhiri anarudi ukumbini kuwasomea wanafunzi mia nne slaidi zilezile.

Wanaoitetea semina huniletea fomu za tathmini. “Washiriki wote wameridhika, Dokta.” Kuridhika si kujifunza! Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mkuu wa chuo angepaswa kulijua. Walimchukua mwigizaji, Michael Fox, wakamtambulisha kama Dakta Myron Fox, bingwa wa kutumia hisabati katika tabia za binadamu, wakamsimamisha mbele ya wanasaikolojia na waelimishaji. Somo hakulijua. Mhadhara wake ulikuwa maneno ya kubuni, hoja zinazopingana na vichekesho. Wengi wa wasikilizaji walijaza kwamba umewafikirisha. Fomu ilipima mvuto wa msemaji, basi.

Na fomu za namna hiyo ndizo tunazowapa wanafunzi mwisho wa muhula. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, utafiti wa mwaka 2019 katika fizikia ulionyesha kwamba wanafunzi waliofanya kazi kwa vikundi darasani walipata alama za juu kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, ilhali wenyewe waliamini wamejifunza kidogo zaidi. Maana yake, mhadhiri anayeanza kufundisha vizuri anaweza kushuka kwenye fomu. Mkuu wa idara akimkaripia kwa hilo, atazirudia slaidi zake, na sitamlaumu.

Hasara ya kurudia slaidi si ndogo. Mapitio ya tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuta wanaofeli ni kama asilimia 34 pale mhadhiri anapozungumza peke yake, na asilimia 22 pale wanafunzi wanaposhirikishwa.

Fedha ziende wapi, basi? Chagueni kozi moja na mhadhiri wake. Mhadhiri mwenzake aketi nyuma ya ukumbi kila baada ya wiki mbili, muhula mzima, na wazungumze siku hiyohiyo. Kila robo saa liulizwe swali, wanafunzi wajadiliane wawili wawili kabla ya kujibu. Wiki ya tano wapewe karatasi waandike wasichokielewa. Linganisheni matokeo ya mitihani, fomu ziwekeni kando. Na ninyi wa kamati ya kupandisha vyeo, hesabuni ushahidi wa ufundishaji kama mnavyohesabu machapisho, maana mhadhiri hutumia muda wake pale cheo kinapopatikana. Fungu la mwaka huu likibaki, lisiende hotelini. Mlipeni saa zake huyo anayeketi nyuma ya ukumbi.