Goma: Paka walioachwa na vita, namna ya kuwapokea nyumbani bila kuleta ugonjwa wala ugomvi

Tangu vita vya mwezi wa kwanza 2025, parseli nyingi za mji wa Goma zilibaki na paka ambao wenyewe walikimbia. Wengine wamegeuka wa porini. Wengine wanakuja mpaka mlangoni, wanajisugua miguuni na kuomba chakula. Je, mtu amfukuze, amlishe nje, ao amuingize ndani? Sisi tulimuingiza mmoja, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwetu, katika kata ya Katoyi, commune ya Karisimbi, alikuja siku chache baada ya risasi kunyamaza. Ni paka dume, mweusi mwili mzima, isipokuwa mguu mmoja wa mbele ambao ni mweupe. Nyumba ya mbao iliyo karibu na choo ilikuwa na kufuli tangu tarehe 26 mwezi wa kwanza, siku ambayo majirani wetu walivuka kwenda Gisenyi na mabegi mawili, godoro moja na watoto watatu. Paka alikuwa wao. Alilala mbele ya ule mlango siku mbili, akilia kila aliposikia hatua za mtu. Siku ya tatu akahamia mlangoni kwetu.

Wakati ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiri juu ya paka. Umeme ulikuwa umekatika, bomba zilikuwa kavu, vijana walikuwa wakishuka ziwani na mabidon juu ya chukudu kutafuta maji. Maiti zilikuwa bado zinaokotwa barabarani. Mama watoto alimtupia vichwa vya sambaza kwa sababu tu mtoto wetu wa miaka sita alikuwa amekataa kula mpaka paka naye ale.

Si mara ya kwanza

Goma inajua kukimbia. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulilipuka tena, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru kata kumi za mji zihamishwe. Watu walikwenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, na wengine kwa meli mpaka Bukavu.

Kila mara mizigo ni ileile: watoto, godoro, sufuria, makaratasi ya shule. Mbuzi anafungwa kamba, kuku anatiwa ndani ya kikapu. Lakini paka akisikia kelele anaingia chini ya sakafu, na mtu hawezi kumngoja wakati mabomu yanaanguka. Ndiyo maana kila baada ya mkimbio tunakuta paka wanene, waliozoea watu, wakikonda siku kwa siku kwenye milango iliyofungwa.

Paka wa namna hii si sawa na paka aliyezaliwa jalalani. Aliyezoea watu anakutazama machoni, anainua mkia juu, anakuja akiitwa, anakubali kuguswa kichwani. Yule wa porini anakaa mbali, masikio nyuma, na ukimkaribia anapuliza na kutoa kucha. Huyu wa pili usimshike kwa nguvu. Mwachie chakula nje kama una huruma, lakini nyumba kwake ni gereza.

Panya ndio waliomfungulia mlango

Kusema kweli, huruma peke yake haikutosha. Nyumba nyingi za mbao za Goma zimesimama juu ya mawe ya volkano, na kati ya mawe na sakafu kuna nafasi ambazo panya wamezifanya mji wao. Benki zilipofungwa na feza ikawa haba, kila aliyeweza alinunua mfuko wa maharagi ao wa unga na kuuweka chini ya kitanda. Panya waligundua kabla ya majirani. Mfuko wetu wa maharagi ulitobolewa pande mbili katika wiki moja.

Wengi wanakimbilia dawa ya panya. Ni hatari katika nyumba ya chumba kimoja ambamo watoto wanalala chini. Tena panya aliyekula sumu anakufa polepole, na paka akimkamata na kumla, naye anaweza kufa. Mtu anayetaka paka aachane na sumu.

Panya si hasara ya chakula tu. Kwa ndugu zetu wa Ituri, ugonjwa wa tauni, ambao sehemu nyingi za dunia umebaki katika vitabu, bado unarudi, nao huletwa na viroboto vya panya. Lakini paka naye asisifiwe kupita kiasi. Anakamata panya wadogo na makinda yao, ila panya mkubwa wa mtaroni anawashinda paka wengi. Mfuko unapaswa kutiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko hata kama paka yuko. Kwetu, tangu alipoanza kulala ndani, kelele za usiku chini ya mbao zilipungua sana.

Tate na paka mweusi

Shida ya kwanza haikuwa ugonjwa, ilikuwa rangi. Mama mzee wa parseli yetu, ambaye wote tunamwita tate, alipomwona paka kwenye dirisha letu alisimama katikati ya uwanja.

“Baba,” akaniambia, “wewe ulisoma, lakini paka mweusi haingizwi mahali watoto wanalala.”

Sikumcheka. Katika mkoa wetu watu wengi wanaamini kwamba mlozi anaweza kutembea usiku katika mwili wa paka, na imani hiyo haikai kwa paka tu. Inaanza na mnyama, kesho inahamia kwa mama mzee anayemlisha, kesho kutwa kwa mtoto yatima anayecheza naye. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inaadhibu mtu anayemshtaki mtoto kuwa mlozi, kwa sababu watoto waliteswa na kufukuzwa makwao kwa maneno ya namna hiyo. Ndiyo maana jambo la paka lisifanywe kwa siri. Anayeficha ndiye anayeshukiwa.

Nilimweleza tate kwamba paka ni wa majirani, kwamba watoto wao walimlea tangu akiwa mdogo, na kwamba tutamtunza mpaka warudi. Jirani mwingine, ambaye ni Mwislamu, alimkumbusha kwamba katika dini yao kuna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa na Mungu kwa sababu alimfungia paka bila chakula mpaka akafa. Tate hakujibu. Lakini baada ya wiki mbili panya walipoingia katika unga wake, alituma mjukuu wake kuuliza kama paka anaweza kuja kulala kwake siku moja.

Ugonjwa: mambo ya kujua

Jambo kubwa ni kichaa cha mbwa, ambacho wengi tunakijua kwa jina la Kifaransa, rage. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, OMS, mbwa ndio wanaoambukiza mpaka asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu. Paka anaupata kwa kuumwa na mnyama mgonjwa, na anaweza kumpa mtu. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni kifo. Paka ambaye ghafla amekuwa mkali bila sababu, anatoa mate mengi, anayumba ao sauti yake imebadilika, asishikwe na mtu yeyote.

Mtu akiumwa ao kukwaruzwa na mnyama asiyejulikana, aoshe kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza chanjo. Asipake mafuta ya gari, wala majani, wala kungoja kuona kama kitavimba. Kama mnyama anajulikana na anaweza kufungwa, anaangaliwa siku kumi. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku alipouma. Lakini kuangalia mnyama hakuondoi haja ya kwenda kwa muganga.

Wa pili ni toksoplasmosi. Kimelea chake kinatoka katika mavi ya paka, na pia katika nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Mtu mzima wa kawaida mara nyingi hasikii kitu, lakini kwa mama mwenye mimba kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mavi ya paka hayaambukizi palepale: inachukua siku moja mpaka tano. Kwa hiyo yakitupwa kila siku, hatari inapungua sana. Mama mwenye mimba asiguse kazi hiyo, ampe mtu mwingine.

Tatu ni minyoo na viroboto, ambavyo vina dawa. Hapa watu wengi wanakosea. Wanampaka paka dawa ya kupe ya mbwa ao ya ng’ombe. Nyingine zina permetrini, ambayo kwa paka ni sumu. Wengine wakiona paka ana homa wanamvunjia nusu ya paracetamol. Nusu hiyo inaweza kumuua. Mwili wa paka haujui kuivunja dawa hiyo kama wetu.

Kwa chanjo, tafuta veterineri wa kweli. Ukikosa anayemjua mtu wa karibu, uliza kwa wafanyakazi wa IPAPEL, idara ya mkoa ya kilimo, uvuvi na mifugo. Chanjo ya kichaa inatolewa paka akifikisha miezi mitatu, na inarudiwa kadiri veterineri atakavyoandika kwenye karatasi yake. Sisi tulingoja karibu mwezi mzima, maana chanjo ilikuwa haipatikani mjini. Wakati wote huo mtoto alikatazwa kumbeba paka, na tulimkata kucha zake ndefu ncha tu.

Wiki za kwanza ndani

Usimfungulie nyumba nzima siku moja. Mpe pembe moja: katoni lililolazwa upande, kitambaa kikuukuu ndani, mahali ambapo hakuna anayepita. Siku mbili za kwanza wetu alikaa ndani ya katoni na kutoka usiku tu. Mtoto aliambiwa akae chini mbali, angoje paka aje mwenyewe.

Choo chake hakina gharama. Tulikata bidon ya njano kwa urefu, tukaweka maranda ya mbao kutoka kwa seremala. Mchanga mkavu nao unafaa. Paka anapenda kufukia, na akishaonyeshwa mara moja ao mbili anaelewa. Tatizo ni kuiweka karibu na chakula: hapo anakataa na kuchagua kona nyingine.

Chakula ni sambaza za faranga 500 kwa siku, zilizochemshwa bila chumvi, pamoja na bugali kidogo. Kitunguu na kitunguu saumu vinamdhuru, hata ndani ya mchuzi. Maziwa, ambayo wengi wanafikiri ni chakula cha paka, yanawaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi yanatosha.

Wiki mbili mpaka tatu asitoke kabisa. Akitoka mapema anarudi mahali alipozoea. Wetu aliponyoka siku ya tano, na tulimkuta palepale tulipofikiri: mbele ya mlango wenye kufuli.

Ukimpokea jike, fikiri mara mbili. Mimba yake ni kama miezi miwili, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Paka mmoja mwaka huu ni paka kumi mwaka ujao, na ndio tunaowaona wakitupwa ndani ya mifuko kwenye majalala. Ulizia upasuaji wa kumfunga uzazi. Maveterineri wanaoufanya ni wachache, lakini wapo. Butembo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kina kitivo cha maveterineri, na Bukavu kuna shirika Sauvons Nos Animaux linalotetea mbwa na paka.

Mwenyewe akirudi

Mwezi wa tatu, namba ya Uganda iliita kwenye simu yangu. Ilikuwa jirani. Walikuwa wametoka Gisenyi na kufika katika kambi ya wakimbizi, na hawakujua watarudi lini. Aliuliza juu ya nyumba, juu ya kufuli, juu ya mashini ya kushona ya mke wake. Kisha akasema kuna mtu anataka kusema nami, na nikasikia sauti ya binti yake mkubwa.

“Baba, jambo. Paka yetu iko?”

Nilimwambia yuko, anakula, analala ndani. Akauliza kama bado anaogopa mvua juu ya mabati. Nilikuwa sijaona. Usiku ule mvua ilinyesha na nikamwona akiingia chini ya kitanda.

Tulipopata chanjo, veterineri aliuliza aandike jina gani pahali pa mwenye mnyama. Nilimpa jina la yule binti. Karatasi iko kwetu, ndani ya bahasha moja na makaratasi ya shule ya mtoto wetu, ile tunayoshika ya kwanza tukikimbia. Na tumetafuta kikapu chenye kifuniko, kwa ajili ya mwingine ambaye safari hii hatutaki kumwacha mlangoni.