Mashine Inayoonyesha Ndani ya Jicho Wakati wa Kupasua

Mikutanoni tunaulizwa mara kwa mara juu ya mtoto wa jicho. Wenzetu wamesikia kwamba iko mashine inayomwonyesha daktari ndani ya jicho wakati anapasua, na baadhi yao wanasema watangoja mpaka ifike hospitali yao. Tumeona tulieleze jambo hili.

Mtoto wa jicho si utando uliootea juu ya jicho, kama wengi wanavyodhani. Ni lenzi ya jicho lenyewe, iliyo nyuma ya mboni, ambayo imeingia ukungu. Daktari huitoa na kuweka lenzi ya plastiki mahali pake, kazi iliyoanzishwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Lenzi imo ndani ya kifuko, na ngozi ya nyuma ya kifuko hicho ina unene wa kama sehemu 4 za elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo zaidi ya mara 10! Ngozi hiyo ikichanika, ute wa ndani huja mbele, na vipande vya lenzi vyaweza kuzama nyuma ya jicho.

Kwa hadubini ya kawaida daktari hutazama jicho kutoka juu tu. Mashine hii hutuma mwanga usioonekana, na kwa mwanga unaorudi huchora papo hapo picha ya jicho kana kwamba limekatwa katikati kama mkate. Njia hiyo ilitangazwa Marekani mwaka 1991.

Husaidia hasa jicho lililoumia. Aliyerukiwa na kipande cha chuma karakanani, au aliyechomwa na jani la muwa shambani, aweza kupata mtoto wa jicho hata kama ni kijana, na kifuko huenda kimekwisha kutoboka. Hiyo ni ajali ya kazini. Iandikwe siku ile ile mbele ya mjumbe wa tawi, kwani ukungu waweza kutokea baada ya miaka, na mwajiri atadai ushahidi.

Lakini mtoto wa jicho wa uzee hupasuliwa vizuri kwa hadubini ya kawaida na mkono uliozoea. Anayengoja mashine anajiumiza: lenzi huzidi kuwa ngumu, na ikishakuwa nyeupe kabisa hata mwanga wa mashine yenyewe haupenyi vizuri. Nenda ukapimwe sasa. Ukinyimwa ruhusa, mwone mjumbe wako pamoja na cheti cha daktari.